Bomu Halisikii Neno la Amani

Vijana wetu hupenda hadithi za mabaharia na za vita vya zamani, wala hatuwakatazi. Hadithi njema hufundisha ushujaa na uvumilivu. Lakini mna jambo moja katika hadithi hizo ambalo wazazi yawapasa kulifikiri, nalo ni pipa la baruti. Shujaa akizidiwa na adui, mwandishi humpa pipa. Pipa hulipuka, waovu hufa, wema huokoka, na kitabu hufungwa. Je, moto wa baruti wawajua watu?

Twauliza hivyo kwa sababu mojawapo ya hadithi hizo, iliyosifiwa sana duniani, ilitungwa kwa mfano wa vita vya hapa kwetu. Msafiri atokaye Pito, katika nyanda za juu za Ufipa, akashuka hata Kasanga, hufika ufuoni mwa Ziwa Tanganyika. Huko Waingereza na Wabelgiji walipigana na Wajerumani mwaka 1915 na 1916, na Kasanga yenyewe iliitwa Bismarckburg. Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alitoa kitabu chake, The African Queen. Mwaka 1951 kikafanywa sinema. Humo dada wa mmisionari, mwanamke wa sala, ndiye atoaye shauri la kutia baruti katika mitungi ya chuma, kuifunga mbele ya mashua, na kuigonga manowari ya Wajerumani.

Katika kitabu, mashua yazama kwa dhoruba kabla haijafika. Katika sinema, mashua iliyopinduka yaelea bila mtu, mpaka manowari yaja kuigonga, na watazamaji hushangilia. Lakini je, kama angetangulia kupita mvuvi na wanawe? Mitungi ile isingemwuliza jina lake wala taifa lake.

Wajumbe wa mataifa waliokutana The Hague mwaka 1907 walikwisha kuliona jambo hilo. Walikataza kutega mabomu yaeleayo baharini bila nanga, isipokuwa yale yapoteayo nguvu katika muda wa saa moja tangu aliyeyatega asiweze tena kuyaongoza. Maana yake ni wazi: mtu asiiache silaha yake iendelee kuua hali yeye mwenyewe hayupo.

Wengine watasema, "Mnyonge afanye nini mbele ya manowari?" Hatumlaumu mtu ailindaye nchi yake. Twauliza tu kama angali bwana wa silaha yake. Katika vita vya kweli vya ziwa lile, meli zilipigana kwa mizinga. Tarehe 26 Desemba 1915 meli ya Wajerumani iitwayo Kingani ilishindwa. Waingereza wakaacha kupiga, na mabaharia waliosalia wakatekwa wakiwa hai. Mzinga una mtu nyuma yake, naye aweza kuunyamazisha. Bomu lililotegwa halisikii neno la kusalimu amri, wala halipati habari kwamba vita vimekwisha.

Na ile manowari kubwa iliyokuwa mfano wa hadithi, Graf von Götzen, haikuangamizwa kwa mitungi ya baruti. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake mafuta mazito isile kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927, kwa jina la Liemba, ikachukua abiria na mizigo kwa miongo mingi, wa Kasanga wakiwamo. Mafundi wale walikuwa vitani kama wenzao. Hata hivyo kazi ya mikono yao iliacha nafasi ya kesho. Hakuna aliyepata kulifanyia sinema kopo lao la mafuta.

Basi, wazazi, msiwanyang'anye watoto vitabu. Wasomeeni, nanyi mfikapo mahali pa mlipuko, waulizeni: "Ni nani mwingine angeweza kupita hapo?" Mtoto azoeaye kuuliza hivyo akiwa msomaji hatasahau kuuliza akiwa mtu mzima, siku atakapopewa silaha au mamlaka juu ya wenzake.