Kusamehe Biti kwa Biti

Nimelelewa Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na sasa nawafundisha vijana lugha ya kompyuta ya C mtaa wa Pasua, mjini Moshi. Swali linalonishughulisha ni la imani: tunapomsamehe mtu, tunafuta nini? Opereta za biti, yaani alama za C zinazoshughulikia namba biti kwa biti, zimenisaidia kulijibu.

Kompyuta huandika kila namba kwa 0 na 1, na kila moja ya hizo huitwa biti. Namba 13 ni 1101, yaani 8 + 4 + 1. Tuseme namba hiyo ni kijana wa kijijini. Biti ya 8 inasema anakitunza kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha wazazi wake. Ya 4, ametenda kosa. Ya 2, anahudhuria jumuiya, nayo kwake ni 0. Ya 1, anaimba kwaya.

Kabla ya kusamehe kuna kuhukumu, na hapo wanafunzi wengi huteleza. Alama & hupima biti moja moja na kutoa 1 pale tu pande zote mbili zinapokuwa na 1. Hivyo 13 & 4 ni 4: kosa lipo. Jirani yake asiye na kosa ni 9, na 9 & 4 ni 0. Lakini mwanafunzi akiandika &&, kompyuta haipimi tena biti; inauliza tu kama kila upande si sifuri. Basi 9 && 4 ni 1. Asiye na hatia ametiwa hatiani kwa sababu tu yupo, na programu inaendelea kana kwamba hakuna lililoharibika. Ndivyo tunavyohukumu tunaposema, "Wa nyumba ile wote ni walewale."

Sasa msamaha. Ukiandika 13 & 0 unapata 0: kosa limekwisha, na kihamba na kwaya navyo vimekwisha. Huko ni kumfuta mtu. Ukitumia ^, alama inayogeuza biti uliyoichagua, 13 ^ 4 ni 9, inapendeza. Lakini mpe jirani msamaha huohuo: 9 ^ 4 ni 13. Umemsamehe asiyekosa, ukamwachia doa. Njia salama ni & pamoja na ~. Alama ~ hugeuza biti zote, kwa hiyo ~4 ina 1 kila mahali isipokuwa pale penye kosa. 13 & ~4 ni 9, na 9 & ~4 hubaki 9. Kosa limeondoka, mtu amebaki mzima, na asiyekosa hakuguswa.

Kitabu cha Yeremia, sura ya 31, kinasema Mungu hatazikumbuka tena dhambi za watu wake. Naiamini ahadi hiyo, na naona 9 iliyobaki haionyeshi kama iliwahi kuwa 13. Aliyeumizwa, hata hivyo, ana kumbukumbu yake, nayo imehifadhiwa mahali pengine ambapo hesabu hii haifiki. Kumwambia asahau ni kumdai kitu ambacho msamaha haukidai.

Kinachodaiwa ni tendo. Dennis Ritchie, aliyeiunda C katika maabara ya Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliijenga hivi: ukiipa namba ya kijana jina mtu, kisha ukaandika mtu & ~4; peke yake, jibu linapatikana kisha linapotea, na mtu anabaki 13. Lazima uandike mtu = mtu & ~4; ili jibu lirudishwe mahali pake. Wachagga tuna isale, jani ambalo mkosaji humpelekea aliyemkosea kuomba radhi. Anayelipokea hawezi kuendelea kumtendea mwenzake kama jana. Wengi wetu tunasema "nimekusamehe" baada ya misa, halafu kwenye mazishi, harusi na mgawo wa maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, tunamsoma mwenzetu kwa namba ileile ya zamani. Msamaha wa namna hiyo umehesabiwa tu, haujaandikwa. Mkristo, Mwislamu au mlinzi wa mila, apimwe kwa hilo: je, siku aliyosamehe ilibadilisha namna anavyomtendea mwenzake?