Nafasi Hiyo Ilikuwa ya Nani?

Mwaka 1973, na tena mwaka 1974, mhandisi Mzungu aitwaye Allan Bakke aliomba kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Davis. Mara zote mbili alikataliwa. Nafasi zilikuwa 100, na 16 kati yake zilitengewa waombaji wa jamii za wachache, ambao baadhi yao walikuwa na alama za chini kuliko zake. Bakke akaenda mahakamani. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru apokewe, lakini ikaviruhusu vyuo kuendelea kuizingatia rangi kama jambo moja miongoni mwa mengi, mradi visitenge idadi maalumu.

Anayelalamika kwamba nafasi yake imechukuliwa anachukulia kuwa ilikuwa yake tangu mwanzo. Yake kwa haki ipi? Wengi watajibu: kwa alama. John Rawls, mwanafalsafa wa Harvard, alilipinga jibu hilo mwaka 1971. Hakuna anayestahili kipaji alichozaliwa nacho, alisema, wala nyumba aliyolelewa. Hata bidii ya mtu hutegemea sana malezi yake. Kama Rawls yuko sahihi, na katika hili yuko sahihi, basi alama 90 za mtoto mwenye mwalimu wa ziada na chumba cha kujisomea haziwezi kuwekwa kando ya 85 za yule anayelea wadogo zake kila jioni, kisha mjadala ukafungwa.

Davis yenyewe ilikuja kulielewa hilo. Wananchi wa California walipokwisha kupiga kura mwaka 1996 kuzuia rangi isitumike katika udahili wa vyuo vya umma, shule hiyo ya udaktari hatimaye ilibuni kipimo cha ugumu wa maisha: mapato ya wazazi, elimu yao, na kama mwombaji alilazimika kuisaidia familia yake. Hapo mtu anatazamwa kwa alichopitia.

Hata hivyo, kilio cha upande wa pili si cha kubezwa. Katika kesi dhidi ya Harvard ilibainika kwamba waombaji wenye asili ya Asia, pamoja na ufaulu wao mkubwa darasani, kwa wastani walipewa na maofisa wa udahili alama za chini za haiba. Mahakama ya kwanza haikuona ubaguzi wa makusudi. Lakini kijana aliyekesha na vitabu, kisha utu wake ukapunguziwa alama na mtu ambaye huenda hawajawahi kuonana, ana haki ya kudai maelezo. Kama kuzingatia rangi ni kulipa deni la utumwa, deni hilo si lake.

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mfumo wa Harvard wa kuzingatia rangi katika udahili unakiuka katiba. Mwaka uliofuata, katika chuo cha MIT, wanafunzi Weusi walioanza masomo walishuka hadi asilimia 5, kutoka wastani wa 13. Lakini uamuzi huo haukuugusa upendeleo kwa watoto wa waliosoma chuoni zamani. Kwa takwimu za kesi hiyohiyo, Harvard ilikuwa ikipokea takriban theluthi moja ya watoto hao, na wasiozidi 6 katika kila 100 ya waombaji wengine. Haki inayofunga mlango wa mjukuu wa watumwa na kuuacha wazi wa mwana wa mhitimu bado haijawa haki. California iliona hivyo mwaka 2024, ikaupiga marufuku upendeleo huo hata katika vyuo binafsi.

Afrika Mashariki nayo inalijua swali hili. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5, na idadi yao chuoni ikapanda. Ulikuwa uamuzi mwema. Tatizo ni kwamba pointi hizo zilimfikia sawasawa binti wa shule ya bweni yenye maabara kamili na yule wa shule ya kijijini isiyo na mwalimu wa fizikia. Chuo kingeuliza pia msichana alisomea wapi, nani alimlipia ada, na alifanya kazi ngapi za nyumbani kabla ya kufungua daftari.