Je, Ni Haki Kufunga Njia ya Habari?



Siku chache baada ya mtandao wa intaneti kurudi, mwezi wa Novemba mwaka 2025, alitujia mwinjilisti wa mtaa mmoja wa usharika wetu hapa Ugogo. Alikuja kwa miguu wakati wa jua kali, nayo mvua ilikuwa haijanyesha bado. Akakaa, akanywa maji, wala hakusema neno kwa kitambo. Kisha akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani kifudifudi, akasema, "Baba Mchungaji, humu ndani mna picha ya kijana aliyekufa. Nimeletewa na mtu wa Dar es Salaam, naye aliletewa na mwingine. Simjui kijana huyu. Nao polisi wametuma ujumbe kutuonya tusieneze picha za namna hii. Nauliza, nikikaa nayo natenda dhambi? Na nikiifuta, je?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwambia tu aache tufikiri, naye akaenda zake. Lakini neno lake limetukalia moyoni, nasi twaliandika hapa kwa kuwa twajua si yeye peke yake aliye na swali hili.

Kwanza tukumbuke yaliyotokea. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, watu waliandamana Dar es Salaam na katika miji mingine, na siku iyo hiyo mtandao ukafungwa nchi nzima. Haukuanza kurudi mpaka tarehe 3 Novemba, siku Rais alipoapishwa hapa Dodoma. Baadhi ya wazee wetu walituuliza, Kitu kisichoonekana hufungwaje? Jibu lake si gumu kwa mtu akaaye Dodoma. Maji mengi ya mji wetu hutoka katika visima vya Mzakwe, hupita katika mabomba makubwa machache, ndipo yagawanyike kwenda nyumba kwa nyumba. Atakaye kuukausha mji hana haja ya kubisha kila mlango. Hukaza koki penye bomba kubwa, basi. Ndivyo zilivyo na habari hizi. Huingia nchini kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na kuwafikia watu kwa mikono ya makampuni machache ya simu, nayo makampuni hayo hufanya kazi kwa leseni ya serikali. Amri ikitoka, koki hukazwa. Yawezekana pia kuziba tundu moja na kuyaacha mengine, kama ulivyozibwa mtandao wa Twitter wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, na tena mwezi wa Mei 2025, ulipokuwa umekwisha kuitwa X. Na wale wapitao kwa njia ya kificho iitwayo VPN waliagizwa mwezi wa Oktoba 2023 wajiandikishe. Jirani zetu nao wamefanya vivyo hivyo: Uganda ilifunga mtandao wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Kongo iliufunga kwa siku karibu 20 baada ya uchaguzi wa Desemba 2018.

Sasa, mama mmoja wa kwetu ana mwana Dar es Salaam, afanyaye kazi ya kubeba mizigo. Kijana huyu alikuwa na desturi ya kumletea nduguye habari kila jioni kwa njia ya mtandao, kwa kuwa ndiyo rahisi. Mtandao ulipofungwa, maduka nayo yalikuwa yamefungwa, na amri ya kutotoka nje usiku imetolewa mjini, hakupata hata mahali pa kununua salio apige simu. Siku ya tatu mtu mmoja akaleta uvumi kijijini, ati vijana wa mtaa ule wamekwisha wote. Mama yule akalia. Majirani wakaja, matanga yakawekwa, mbuzi akachinjwa. Sisi wenyewe tulikwenda kumfariji, na hata leo twaona haya, maana tuliomba sala kama watu wanaojua, nasi hatukujua kitu. Kijana alikuwa hai chumbani mwake. Habari zake zilifika siku mbili baada ya mbuzi kuliwa. Nao walikuwako akina mama wengine katika nchi hii ambao uvumi kama huo kwao ulikuwa kweli.

Yafaa tuisikilize serikali, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Husema kwamba mtandao hubeba uongo, na uongo huua. Kweli huua. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino, huku huku kwetu, watafiti wa udongo kutoka kituo cha Selian, Arusha, waliuawa pamoja na dereva wao, na gari lao likachomwa moto. Watu waliwadhania kuwa wanyonya damu. Wazee wataukumbuka uvumi wa mumiani tangu zamani za Waingereza. Basi ni ule ule, umebadili nguo tu. Watu watatu waliotoka kwao kuja kupima udongo wetu hawakurudi nyumbani, nasi wa mkoa huu tunalo deni la aibu juu yao.

Lakini tulitazame jambo hilo vizuri. Uongo ule haukuhitaji mtandao ili upate kuua. Ulihitaji yowe tu. Watu wale hawakufa kwa sababu habari zilikuwa nyingi mno, bali kwa sababu habari moja ya kweli, kwamba hawa ni wataalamu wa udongo, haikufika masikioni mwa watu kabla ya mawe. Vivyo hivyo matanga ya yule mama. Njia ilipofungwa uvumi haukufungwa. Uvumi hutembea kwa miguu, hauna haja ya waya. Kilichozuiliwa ni kile neno la pili, lile la kuja kusahihisha la kwanza. Hata hesabu ya waliokufa ilikuwa hivyo. Tarehe 31 Oktoba ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitaja watu wasiopungua 10, na chama cha CHADEMA kilitaja mamia. Kati ya kumi na mamia kuna watoto wa watu, nao wanayo majina.

Tena liko swali la nani aamue. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyopitishwa na Bunge papa hapa Dodoma mwaka 2015, humwadhibu mtu atangazaye habari anayoijua kuwa ni ya uongo kwa nia ya kudanganya watu: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwa maneno yake yalivyoandikwa, ni nani atakayekataa? Amri ya Nane hukataza uongo kabla ya Bunge lolote. Ila uongo wenyewe ukiwa ni juu ya polisi, nao polisi ndio wachunguzao. Au ukiwa ni juu ya mkubwa wa serikali, nayo serikali ndiyo ishitakiyo, hapo ndipo penye mashaka. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Mwezi wa Desemba 2016 Maxence Melo, mkuu wa Jamii Forums, alikamatwa na kushitakiwa kwa kuwa hakutaka kuwapa polisi habari za watu walioandika humo bila kutaja majina yao. Mwaka 2018 zikaja kanuni za kumtaka mtu aendeshaye ukurasa wake mtandaoni alipe shilingi laki moja za kuomba leseni, na milioni moja za leseni yenyewe. Baadaye ada ilipunguzwa. Lakini mkulima wa uwele katika mwaka wa mvua haba haioni hata nusu yake.

Wala tusijione sisi kuwa wema kuliko watawala. Mwaka 1521 amri ya Worms iliagiza vitabu vya Martin Luther viteketezwe na kukataza visichapwe tena. Twapenda kuwasimulia vijana wa kipaimara habari hiyo. Hatupendi sana kuwasimulia kwamba mwaka uliofuata, katika Wittenberg yenyewe, maandiko ya Karlstadt, aliyekuwa mwenzake Luther, yalizuiwa yasichapwe. Na katika nchi yetu vilevile: mwaka 1958 serikali ya Waingereza ilimshitaki Julius Nyerere kwa makala aliyoandika katika Sauti ya TANU juu ya mabwana wilaya, naye akatozwa faini. Mwaka 1976, Nyerere mwenyewe akiwa Rais, ilitungwa Sheria ya Magazeti iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Twamheshimu Mwalimu, nasi hatusemi haya kwa kumshusha. Twasema tu kwamba aliyezibwa mdomo jana, akipewa koki leo, mkono wake huenda wenyewe.

Wako watakaotutajia Waraka kwa Warumi, sura ya 13. Twaijua, na kila Jumapili twawaombea wenye mamlaka, wala hatutaacha. Lakini kumtii mtawala si kumwachia aamue peke yake kama jambo fulani limetokea au halikutokea.

Sasa twarudi kwa mwinjilisti na simu yake. Onyo la polisi lilisema watu wasieneze picha ziletazo taharuki au kudhalilisha utu wa mtu. Tulipolitafakari tuliona kwamba ndani yake mna neno jema. Maiti hawezi kujifunika. Sisi humwosha mtu wetu, humvika sanda, hufunga mlango watoto wasimtazame. Na hapa kijana wa watu yuko wazi, akipita mkono kwa mkono, wengine wakimtazama wakila chakula chao. Hilo ni ovu, wala halihitaji sheria ili liwe ovu. Lakini yuko pengine mama, Singida au Kilosa au mtaa wa pili, aliyekwenda hospitali na kituo cha polisi akaambiwa jina halimo. Kwa macho ya watu mia picha ile ni fedheha. Kwa macho ya mama huyo ndiyo barua ya mwisho ya mwanawe. Amri inayosemwa kwa watu wote kwa mara moja haiwezi kuwatenga mia na mmoja. Mtu mmoja mwenye simu yaweza.

Basi tulimwita, tukamwambia, "Mwinjilisti, usiipeleke kwa kundi lolote, wala usimwonyeshe mtu kwa ajili ya kushangaa. Wala usiifute. Rudi kwa yule aliyekuletea, umwulize aliipata kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka ufike kwa mtu amjuaye." Wala hatukumficha kwamba shauri letu laweza kumletea taabu, naye ana watoto wanne. Alinyamaza kitambo, akasema, "Vema, Baba."

Amekwisha kuwauliza watu watatu. Wa tatu alijibu mara moja, tangu hapo hajibu tena. Kijijini kwake hapana umeme, kwa hiyo kila baada ya siku mbili mwinjilisti huipeleka simu dukani kuichaji, hukaa pale pale kibarazani mpaka ijae, asije mtu mwingine akaifungua.