Kuuza Kazi Isiyokwisha

Tuanze na gari. Mkazi mmoja wa Kilosa, tunayemchukua kuwa mfano tu, amenunua basi dogo kuukuu kwa nia ya kuligeuza liwe chumba kitembeacho: kitanda nyuma, jiko la gesi ubavuni, pipa la maji, na betri ya pili ya kuwashia taa. Alikusudia kulikodisha kwa wageni waendao Mikumi, ambako hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 inapitiwa katikati na barabara kuu iendayo Iringa. Ameng'oa viti, ametandika mbao sakafuni, amepitisha nyaya na kupigilia plaiwudi juu yake. Hapo kazi imesimama. Sasa amekuja mnunuzi kutoka Mikumi, naye anauliza bei. Je, muuzaji huyu yampasa kusema nini?

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina hekima kubwa penye embe na ndizi, lakini hapa haitufai. Gari lililokamilika limekwisha kushuhudiwa na safari zake: limepanda milima, limenyeshewa, na mahali linapovuja panajulikana. Kazi iliyoishia nusu haijajaribiwa. Shahidi wake ni mmoja tu, naye ndiye anayetaka fedha. Kwa hiyo twashikilia kwamba muuzaji wa kitu nusu anadaiwa maneno mengi kuliko muuzaji wa kitu kizima. Tunajua kuwa desturi ya sokoni hudhani kinyume chake. Aghalabu husemwa kwamba, madhali mnunuzi anaona kwa macho yake kuwa kazi haijaisha, basi amekwisha kuonywa.

La hasha. Anachokiona ni kile ambacho bado hakijafanywa. Asichokiona ni kile kilichofanywa vibaya kikafunikwa. Watu wa Kilosa wanaufahamu mto Mkondoa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalibomoa nyumba na kuharibu njia ya reli. Tuseme basi letu nalo liliwahi kusimama majini siku mbili, mwaka wowote ule. Kutu iliyo chini ya sakafu haionekani, na mbao zenyewe, kwa kuwa ni mpya na zingali zikinukia, zinampa mnunuzi imani. Hivyo kazi safi ya juu inasema uongo bila mtu kufumbua kinywa. Kadhalika nyaya zilizopita nyuma ya plaiwudi pasipo fyuzi. Tusisahau kwamba humo atalala mtu, na jiko la gesi liko karibu na kichwa chake.

Mabishano haya ni ya kale. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alieleza jinsi wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater, walivyohitilafiana juu ya muuzaji wa nyumba mbovu. Diogenes aliona kwamba kutosema si sawa na kuficha. Antipater aliona kwamba mnunuzi ni binadamu mwenzetu, hivyo aambiwe yote. Cicero mwenyewe alielekea upande wa Antipater. Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 1961, iliyofuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872, imesimama mahali pa kati: kuficha kwa vitendo ni udanganyifu, bali kunyamaza tu kwa kawaida hakuhesabiwi hivyo, isipokuwa pale hali inapomlazimu mtu kusema. Sisi twauliza: yule aliyepigilia mbao juu ya kutu akanyamaza, je, amenyamaza tu, au nyundo yake imekwisha kusema?

Lugha yetu yenyewe ina jibu. Neno aibu limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni dosari, na katika fikihi ya Kiislamu ndilo litumikalo kueleza haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa yenye kasoro iliyofichika. Kwetu Waswahili neno hilo lilitoka katika bidhaa likahamia usoni mwa mtu.

Juu ya bei hatuna mengi. Muuzaji hutaka kulipwa jasho la kila jioni aliyoitumia, na mnunuzi hulipia kile tu kitakachomfaa. Wenye kuuza nyumba zilizoishia kwenye lenta wanalijua jambo hili.

Lililo gumu zaidi ni sababu ya kuacha. Ikiwa aliacha kwa kuwa ada ya shule ya mtoto ilimaliza fedha za mbao, hiyo ni siri ya nyumba yake. Mnunuzi hana haki nayo, na pengine akiijua ataitumia kushusha bei. Lakini ikiwa aligundua kwamba springi za nyuma hazitabeba pipa la maji likijaa, sababu hiyo si yake tena. Ni sehemu ya gari, na inauzwa pamoja nalo. Taabu ni kwamba mara nyingi sababu hizo mbili hukaa pamoja. Fedha ziliisha kwa kuwa springi zilinunuliwa mara mbili, na bado gari linalala chini. Hapo muuzaji asiseme tu kwamba aliishiwa.