Hasara ni ya Nani?

Ninauza leso Biashara Street, Mombasa, na elimu yangu ya dini ni ya madrasa na darsa za baada ya Magharibi, basi. Lakini kila nikisoma gazetini kwamba uchumi wa Kenya unakua, swali moja huniwasha: biashara ikiharibika, hasara ni ya nani?

Septemba 2014 serikali ilipiga upya hesabu za pato la taifa. Mwaka wa msingi ukahama kutoka 2001 hadi 2009, na uchumi ukaonekana mkubwa kwa asilimia 25 kuliko tulivyodhani. Tukaambiwa tumeingia kipato cha kati, ngazi ya chini. Kesho yake leso ziliuzwa bei ile ile. Sizibezi takwimu, ila hazinijibu swali langu.

Maendeleo yapo, na mimi nimeyala. Tangu M-Pesa ije mwaka 2007, mteja wa Lamu hunilipa kabla mzigo haujapakiwa. Baadaye simu ikaanza kukopesha. M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, hiyo hiyo hata ukilipa kesho. Anayekopa na kulipa kila mwezi hutoa ada mara 12: asilimia 90 ya fedha anayoizungusha kwa mwaka.

Nina mteja, mama mkaanga viazi karai. Alfajiri hukopa kwa simu, huenda Kongowea kununua viazi, jioni hulipa. Masika yakishika hakuna anayesimama kula barazani, na viazi huoza. Aliyemkopesha hana habari na mvua. Deni liko pale pale na linaongezeka.

Sheikh wetu husema hiyo ni riba, na riba ni haramu. Kweli. Lakini nani mwingine atampa mama huyu shilingi 2,000 saa kumi na moja alfajiri bila dhamana? Msikiti haumpi. Hata serikali ilipowekea riba za benki kikomo mwaka 2016, mabenki yaliwakwepa wakopaji wadogo, na kikomo kikaondolewa 2019. Kukataza peke yake hakujazi karai mafuta.

Mtume (S.A.W.), kabla ya utume, alisafiri Sham na mali ya Bibi Khadija kwa kugawana faida. Katika mudharaba, yaani ushirika wa namna hiyo, mtaji ukipotea bila uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Wote wameumia. Hapo ndipo naiona haki, kuliko kwenye kiwango cha asilimia. Na aya ya 280 ya Surat al-Baqara inaamrisha mdaiwa aliyebanwa apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi.

Benki za Kiislamu tunazo tangu 2008, nazo zimezoea murabaha: zinakununulia bidhaa, zinakuuzia kwa nyongeza. Ni halali, sibishi, lakini viazi vikioza bado ni vyako peke yako.

Enyi wazee wa misikiti ya Mombasa, tengeni sehemu ya michango ya Ijumaa, muiite mtaji, isiwe sadaka. Wapeni wakaanga viazi na wauza mboga kwa kugawana faida. Wakipata, mpate. Wakipoteza, mpoteze nao, na mwaka ukiisha msome hesabu hadharani.