KARATA HAIMKANYI MTU

Wako watu siku hizi, wala si wajinga, ambao kila asubuhi kabla ya kushika kazi huchanga karata, hufunua moja, kisha huketi kitambo wakiitafakari. Wengine hata jozi ya karata hawana. Simu ndiyo huwafunulia karata ya siku. Ukiwaambia kwamba wanapiga ramli, watakataa. Watakujibu kwamba hawatafuti habari za kesho. Karata kwao ni kioo tu, nao huitumia wapate kujitambua. Jawabu hilo tusilidharau, bali tulipime kwa haki, maana ni jawabu la watu wenye nia njema, na kosa lililovaa nia njema huingia nyumbani bila kupiga hodi.

Kwanza tukubali yaliyo ya kweli. Kucheza karata kwa burudani si dhambi. Tena mtu aketiye kimya kila asubuhi na kujiuliza hali ya moyo wake amefanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Njaa hiyo ya kujijua ni njema. Swali letu ni moja: je, karata yaweza kuishibisha?

Tuziangalie karata zenyewe. Zilifika Ulaya katika karne ya 14, zikitoka nchi za Waislamu, nazo zilikuwa za mchezo. Mwaka 1770 Mfaransa Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake nyuma mbele akajiita Etteilla, alipiga chapa kitabu cha kufundisha kuagua kwa karata 32 za mchezo. Walimu waliomfuata wakatumia zote 52, kila mmoja na maana zake. Lakini mfano ulio karibu zaidi tunao katika lugha yetu wenyewe. Kopa, uru, shupaza na pau ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno. Mwaguzi husema kopa ni karata ya mapenzi, kwa kuwa ina picha ya moyo. Picha hiyo ni ya Wafaransa. Na neno kopa kwa Kireno ni vikombe, maana ndivyo vilivyochorwa katika karata za Wareno wa zamani. Je, siri ya moyo wa mtu yategemea kama mchoraji alichora moyo au kikombe?

Tufanye na hesabu ndogo. Shupaza, ambayo waaguzi wengi huiita karata ya taabu, ina karata 13 kati ya 52, yaani robo. Basi mwenye kufunua karata moja kila siku atakutana na shupaza kama siku saba au nane katika mwezi, awe ameoa juzi au amefiwa jana, awe mwaminifu au mwizi. Kioo gani hicho kionyeshacho uso ule ule kwa watu wote?

Mtu atasema: "Lakini mimi yaliyosemwa yalinigusa kweli." Hatubishi kwamba yalimgusa. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia. Baadaye akampa kila mmoja karatasi yenye maelezo ya tabia yake, akawaomba wapime ukweli wa maelezo hayo, kuanzia 0 hadi 5. Wastani wa majibu yao ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa maelezo yale yale, ambayo mengi yake aliyatoa katika kitabu cha unajimu! Ndivyo tulivyo wanadamu: tukiambiwa neno pana, sisi wenyewe hulikata na kulishona hata likatukaa mwilini, kisha twamsifu fundi.

Hapa twafika penye kiini cha neno letu. Hatari ya karata hii ya asubuhi si kwamba ina nguvu. Hatari yake ni kwamba haina nguvu yoyote ya kumpinga mtu. Aifunuaye ndiye aifasiriye; hakimu na mshtakiwa ni mtu mmoja, naye shahidi hayupo. Karata haimkanyi mtu. Nyani haoni kundule, na jozi nzima ya karata haitamwonyesha.

Tuseme mama mmoja amekosana na wifi yake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Asubuhi anafunua malkia wa shupaza, ambaye waaguzi humfasiri mara nyingi kuwa mwanamke mwenye kijicho. Angeweza kujiuliza: "Je, mwanamke huyo ni mimi?" Lakini nani kati yetu ajiulizaye hivyo akiwa peke yake na hasira zake? Mara moja uso wa wifi humjia. Siku hiyo salamu ya wifi huonekana unafiki, na kimya chake huonekana hila. Jioni mama huyo atasema karata ilimfumbua macho. Kumbe ilimfumba, na mtu asiye na kosa amekwisha kuhukumiwa pasipo kuulizwa neno.

Nchi yetu yajua mahali njia hiyo iwezapo kufika. Mwezi wa Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli, kwa kuwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalihusishwa na maagizo yao. Je, twamlinganisha mwenye karata ya asubuhi na wauaji hao? La hasha! Twasema tu kwamba mlango ni mmoja: kumpa jirani hukumu kwa njia isiyotaka ushahidi.

Kwa hiyo Kanisa halibabaiki. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, lilikwisha kukataza uaguzi, na Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2116, yaukataa kwa kila namna. Wengine hutukumbusha kwamba Mathia alichaguliwa kwa kura. Ndiyo, lakini Mitume kwanza walitumia akili, wakatafuta watu waliokuwa pamoja nao tangu ubatizo wa Yohane, wakasali, ndipo wakapiga kura kati ya wawili. Mtakatifu Toma wa Akwino alitenga mambo hayo wazi: kura ya kugawa, kama vile ndugu wagawanapo urithi, yaweza kuwa halali, kura ya kutafuta yaliyofichika ni jambo jingine. Wala tusimcheke mwenye karata, sisi tufunguao Biblia kwa kubahatisha ili tujue kama tusafiri au tusisafiri. Mtakatifu Augustino, yapata mwaka 400, aliandika kwamba desturi hiyo haikumpendeza.

Je, mwenye njaa ya kujijua aende wapi? Njia ipo, wala haina gharama. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilikubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548, alifundisha kuchunguza dhamiri: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, kuazimia kujirekebisha. Tazameni tofauti. Karata huanza na picha isiyokujua. Uchunguzi wa dhamiri huanza na jambo ulilolitenda: neno ulilomwambia mtoto asubuhi, chenji uliyoibakiza dukani, mgonjwa uliyempita. Mambo hayo hayafasiriki upendavyo. Yana mashahidi.

Na shahidi ndiye dawa. Mume amwulize mkewe: "Leo nimekukosea wapi?" Mke naye amwulize mumewe. Wazazi wawe na moyo wa kumsikiliza mtoto asemapo kwamba ameonewa. Katika Kitubio mtu hukutana na sauti isiyo yake, iwezayo kumwuliza swali ambalo yeye mwenyewe asingelichagua. Maswali hayo huuma, nasi twajua kwa nini karata hupendwa zaidi: yenyewe haiumi.

Ndugu wasomaji, karata na zirudi mezani kwa mchezo wake. Na kabla taa haijazimwa usiku huu, kila mmoja wetu na amwulize mtu anayeishi naye swali lile moja, kisha anyamaze na kusikiliza jibu.