Tumwiteje Ndugu Yetu?



Sisi wa Ihanda, na Mbozi nzima, tu jirani za mpaka wa Tunduma. Mahali wapitapo wageni wengi, maneno mapya nayo hupita. Neno geni halina dhambi. Lugha isiyozaa hufa. Lakini neno likitungwa ili kumwita binadamu, yatupasa kulisikiliza vema kabla ya kulipokea.

Wazee wetu walituachia majina haya: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Isikilizeni sauti ya mwanzo. Ndiyo sauti ya kiti, kikapu na kijiko. Ndiyo tuitumiayo kupunguza, mtoto akawa kitoto. Ni kweli, kiongozi na kijana nao wamo katika safu hiyo bila aibu. Basi sauti hiyo peke yake si tusi. Hata hivyo, sikio lililozoea kuisikia kila utajwapo upungufu wa mtu hufundishwa, pasipo kujua, kuona kitu mahali pa mtu. Tena ajabu ni hii: hatusemi "kipofu kimefika", bali twasema "kipofu amefika". Jina lilimtoa kati ya watu, kitenzi kikamrudisha.

Ndiyo sababu yakatafutwa maneno mengine. Likaja mlemavu, lenye mwanzo ule ule wa mtu na mwana. Kisha likaja mtu mwenye ulemavu, nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikalichukua hata katika jina lake. Wako wanung'unikao kwamba ni refu. Na liwe refu! Hata mwenye haraka hawezi kulimaliza kabla hajatamka "mtu".

Ndugu zetu wenye ualbino waliitwa zeruzeru, neno la kurudiarudia kama la mchezo wa watoto. Mahali pake likatungwa ualbino, kutokana na neno la Kireno lenye asili ya weupe. Lakini katika miaka ile ya 2007 na iliyofuata, ndugu hao walipokuwa wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao, mitaani likazuka neno jipya: "dili". Ni neno fupi, jepesi, lenye mlio wa fedha. Aliyelitamka kwa mzaha hakushika panga. Lakini alizoeza masikio ya jirani zake kusikia bei pale alipopita mtoto.

Katika sura ya tano ya Injili ya Mtakatifu Matayo, Bwana wetu anafundisha juu ya kuua, na papo hapo anataja neno la dharau analoambiwa ndugu. Hakuyatenga mambo hayo mawili, maana aliijua njia itokayo ulimini hadi mkononi.

Na huko Yeriko, asimuliavyo Mtakatifu Marko, umati ulimkemea kipofu anyamaze. Mwinjili hakutuachia upofu wake tu. Alituandikia na jina lake, Bartimayo. Naye Bwana, kabla ya kumponya, alimwuliza anataka atendewe nini.

Nasi tuulize. Viziwi wa nchi hii wamekiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania. Neno ambalo mwingine angeliona zito, wao wamelichukua kwa hiari na kwa heshima. Basi anayestahili kusikilizwa kwanza ni yule aitwaye, wala si yule aitaye.

Tusijidanganye, lakini. Neno safi halimtoshi mtu ikiwa kanisani hapati nafasi kwenye benchi, na shuleni mtoto wake anachekwa. Neno hufungua mlango tu. Kuingia ni kazi ya miguu yetu.

Jumapili hii, tutokapo Misani, tumtazame yule tuliyezoea kumwita kwa kasoro yake. Wazazi wake walimpa jina. Je, twalijua? Kama hatulijui, twende tukamwulize. Mwenyezi Mungu, ambaye hakumwumba yeyote kuwa kitu, atujalie ulimi wenye heshima.